Jiwe la Wanja

Gari la afya lilisimama karibu na soko letu la Koboko, kipaza sauti kinakoroma. Afisa mmoja, shati limenyooshwa pasi, akatangaza kwamba wanja wa dukani una risasi, madini yenye sumu, na risasi hiyo huharibu ubongo wa watoto. Akainua bango lenye picha ya kichupa cha wanja kilichopigwa alama nyekundu ya kukataza.

Sisi Wanubi tunampaka mtoto wanja hata arobaini haijaisha, macho yapate nguvu na husuda impite mbali. Lakini nyumbani kwetu wanja hautoki dukani. Mama yangu ana jiwe zito linalometameta, alilorithi kwa mama yake. Hulisaga, huchuja unga wake kwa kitambaa, kisha hupaka. Ndiyo maana siku ile alinyoosha mkono.

“Na ile ya jiwe, ile tunasaga nyumba, iko mbaya?”

“Mama, tunaongea ya duka,” afisa akajibu, akiangalia saa. “Ya nyumba iko yenu.”

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kujibu ovyo je, kunaitwaje? Mama alirudi amefurahi, akanitania kwamba serikali hatimaye imejua alichokijua yeye siku zote. Akamsagia binti yangu, aliyekuwa bado mchanga, asubuhi na jioni, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Mtoto akaanza kukataa ziwa. Tumbo likamkaza. Miezi ikapita, wenzake wakaweza kukaa, yeye akiketishwa huanguka kama mto wa kulalia. Alipopata degedege nilimkimbiza hospitali ya Arua. Daktari alimpima damu, akauliza kuhusu wanja. Nikamwambia kwa majivuno kwamba sisi hatununui, tunafuata serikali, tuna jiwe letu. Kesho yake ndugu yangu alilileta. Daktari akalipima uzito kiganjani.

“Mama, hii jiwe ndiyo risasi yenyewe. Hii ya duka wanachanganya kidogo tu. Sumu tutapunguza. Ile iko imeharibika kwa kichwa, sijui kama itarudi.”

Nilichoka kulia, nikabaki na hasira. Tuliporudi Koboko nilikwenda ofisini kwa yule afisa nikaliweka jiwe juu ya meza yake. Alisema bango lilitoka Kampala, watarekebisha likichapishwa jingine. Nikamuuliza kama Kampala ndiyo iliyomjibu mama yangu pale sokoni. Akasema nisiongee kwa ukali. Nitaongeaje? Niimbe?

Sikusubiri bango. Nimepita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu nikiwaeleza wanawake, na baadhi wamenifukuza wakisema nawatukania bibi zao. Siwalaumu, wamesikia gari la serikali.

Binti yangu bado hakai, lakini akimwona bibi yake huinua mikono abebwe. Mama huficha mikono yake ndani ya gurbaba, kitambaa alichojifunga, akitazama kando mpaka nije nimchukue mtoto.