Nilinunua roof rack ya kubebea baiskeli ya mama mkwe bila kuiangalia baiskeli yenyewe

Wakuu, heshima kwenu, na waliotutangulia kwa umri shikamooni.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Tena mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Niko Tanga, nakaa Chumbageni, kazi yangu ni umeme wa magari kule Usagara. Gari naijua. Niletee gari inayozimika ovyo, nitakaa nayo mpaka iseme inaumwa nini.

Ujuzi huo ndio ulioniponza. Nilidhani chochote kinachofungwa juu ya gari ni fani yangu.

Halafu kuna aibu moja bora niitoe mapema. Mimi ni mtu wa Tanga nisiyejua kuendesha baiskeli. Haya chekeni, nawasubiri.

Mji huu kila mtu anapanda baiskeli, mabinti kwa mabibi, baibui limekusanywa vizuri wala haliingii kwenye mnyororo. Mimi nilianguka mara moja nikiwa darasa la pili, nikasema basi, yaishe.

Tuendelee.

Mama yake mke wangu anakaa Moa, huko karibu na mpakani. Baba mkwe alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na tangu hapo mama alibaki peke yake katika nyumba ile.

Mke wangu, Zuhura, akakosa raha kabisa. Simu asubuhi, simu mchana, simu jioni. Mama asipopokea mara moja tu, humu ndani hapakaliki, hata chakula hakishuki.

Tulimbembeleza mama miezi mingi ahamie kwetu. Jibu lake lilikuwa moja: "Nije mjini nikae ndani nihesabu mabati?"

Mwisho akakubali, ila kwa sharti. Anakuja siku tatu kwanza, aangalie. Na anakuja na baiskeli yake. Baiskeli isipopanda gari, na yeye hapandi.

Msimwone mkorofi. Ana miaka sitini na kitu, na baiskeli hiyo ndiyo inayompeleka shambani, kwenye maziko, kwenye harusi, kote. Bila baiskeli anajiona mgonjwa.

Basi nikaanza kutafuta roof rack, yaani keria ya kufunga juu ya gari. Wiki nzima simu mkononi nasoma reviews za watu.

Kwa ufupi, nilizoziona ni aina tatu. Kuna ya kufunga nyuma kwenye buti, hiyo nikaikataa kwa sababu inaziba plate namba na taa, na sitaki maneno na trafiki. Kuna ya juu inayotaka utoe tairi la mbele, nikaona usumbufu.

Ya tatu ndiyo niliyoipenda. Baiskeli inasimama na matairi yake yote juu ya reli, kisha mkono wa chuma unapanda na kubana lile bomba la juu la fremu, linalotoka kwenye siti kwenda kwenye usukani. Unakaza, umemaliza.

Zuhura akaniambia, "Baba Nasra, si umpigie mama kwanza umuulize baiskeli yake ikoje?"

Nikamjibu, "Baiskeli ni baiskeli, mke wangu."

Sentensi hiyo nimeshasomewa tena humu ndani mara nyingi mno, na naona nitazikwa nayo.

Nikanunua, nikaifunga mwenyewe. Nikaazima baiskeli ya jirani, nikaipandisha, nikazunguka nayo mitaa ya Chumbageni mwendo wa maringo. Haikutikisika. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Jumamosi tukaenda Moa.

Tulimkuta mama keshavaa, furushi lake liko barazani, na majirani wamekuja kumuaga. Nikamwamkia, nikaulizwa habari za watoto, mambo yakawa mazuri. Kisha akaingia ndani akaitoa baiskeli.

Wakuu. Baiskeli ya kike.

Nyeusi, ya zamani, imepakwa mafuta, madigadi yanang'aa, kikapu mbele. Na bomba la juu hakuna! Si mnajua za kike, pale kati pako wazi ili mtu apitishe mguu na gauni lake. Yaani mkono wangu ule wa chuma ulipanda juu, ukafunguka, ukabana hewa.

Kwa mtu yeyote anayepanda baiskeli hilo ni jambo la kitoto. Mimi halikunipitia kichwani hata kidogo, lahaula!

Nikajaribu kubana bomba la chini, kava ya mnyororo ikazuia. Nikajaribu kushika fimbo ya siti, baiskeli ikalala upande. Wanaume wa pale wakasogea, kila mmoja na ushauri wake, na mmoja akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye yule fundi aliyesifiwa.

Na mbele ya mkwe huwezi hata kutoa neno la hasira, wenye wakwe wa pwani mnanielewa. Nilitokwa jasho kimyakimya, huku nasema "inakuja, mama, inakuja."

Nikasema basi tufungue matairi, tuiingize ndani ya gari. Mama akatikisa kichwa. Akasema tangu marehemu aifunge kwa mkono wake, hakuna spana nyingine iliyoigusa, na leo hataki ianze.

Hapo nikairudisha spana yangu ndani ya gari.

Mama akaniangalia, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akasema, "Usijisumbue, baba. Labda safari haikuandikwa." Akainama, akachukua furushi lake, akarudi nalo ndani.

Nilimwangalia Zuhura. Uso wote ulikuwa umemshuka. Miezi yote ile ya kubembeleza, na mimi nimeiharibu kwa ubishi wangu wa kutopiga simu moja. Nilijichukia, sisemi uongo.

Zuhura hakunigombeza. Aliingia nyuma ya nyumba, akarudi na ufito wa mkoko uliobaki walipotengeneza paa, mnyoofu, unene wa mpini wa jembe. Mkono wa pili alishika mipira ya kufungia mizigo, ile inayokatwa kwenye tyubu kuukuu, na kipande cha kanga.

Akaulaza ufito kutoka fimbo ya siti mpaka shingo ya usukani. Akaufunga huku na huku, anavuta mpira kwa meno kama alivyozoea tangu mtoto. Pale kati akauzungushia kanga. Baiskeli ya kike ikapata bomba la juu!

Akaniambia, "Haya fundi, leta mkono wako ubane."

Nikabana. Nikaitikisa baiskeli, gari zima likatikisika nayo. Tukaongeza mipira kwenye matairi yote mawili na kwenye usukani. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya mpira pale nilipoambiwa nishike, basi.

Zuhura akaingia ndani, akatoka na lile furushi kichwani. Mama akafuata nyuma yake, anafunga mlango.

Njiani niliendesha taratibu mno. Mama kila baada ya muda anauliza, "Ipo?" Nasema, "Ipo, mama." Tulipofika Duga akaomba nisimame, akashuka, akaishika kwa mkono, akarudi kukaa.

Tukafika Chumbageni alasiri. Nilitegemea ataingia ndani apumzike. Wapi! Baiskeli ilipogusa chini tu, akakusanya baibui lake, akapanda, akaondoka. Zuhura akabaki getini anamwangalia mama yake anakata kona.

Ikapita saa nzima. Nikataka kumfuata na gari, Zuhura akanikatalia, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajakaa chini.

Mama akarudi na mchicha na nazi mbili kwenye kikapu. Keshajua jina la mwenye duka, keshajua wapi nazi ni nzuri. Akaisukuma baiskeli mpaka uani, akatazama kulia na kushoto.

Akauliza, "Hii italala wapi? Hapa nje umande utaiharibu."

Zuhura alinishika mkono mbele ya mama yake, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Mimi nikaenda stoo kuhamisha mabetri yangu, na machozi yalinitoka huko nikiwa peke yangu. Kama kuna anayecheka, acheke tu.

Nilichojifunza: kabla hujachagua roof rack, nenda kasimame mbele ya baiskeli utakayoibeba. Angalia fremu, angalia uzito, angalia mwenye baiskeli anaruhusu nini. Na ukiambiwa upige simu, piga.

Sasa wenye kubeba baiskeli za kike naomba mseme mnatumia rack gani. Ufito wetu bado mzima, lakini nataka kitu cha uhakika, maana mama ana safari wiki ijayo na baiskeli inakwenda naye.

Anataka akasalimie Moa siku mbili, kisha arudi nyumbani. Amesema hivyo hivyo, arudi nyumbani.