Mkate wa Mama wa Kona

Mimi mwenyewe nimemtupia mkate, tena si mara moja. Nilikuwa nikinunua mahindi vijijini na kurudi nayo Lubumbashi juu ya kamyo, kwa barabara ya vumbi inayotoka upande wa Mitwaba, na kila aliyefanya biashara huko alimjua Mama wa Kona, mwanamke aliyekufa zamani. Hutokea mchana, mvua inaponyesha, pale barabara inapopinda karibu na daraja la magogo. Amejifunika kikwembe kichwani, mtoto mgongoni, mkono juu, anaomba gari. Ukimpakia, gari halifiki. Kwa hiyo dereva hupiga honi mara tatu, abiria hutupa kipande cha mkate, na hakuna anayegeuka kutazama nyuma. Nilifundishwa hivyo safari yangu ya kwanza, na mimi nikawafundisha wageni wengine, kwa maringo ya mtu anayeijua njia.

Miaka michache iliyopita nilikwenda huko na binti yangu wa miezi minane, kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Tukiwa tunarudi, kamyo yetu ilizama kwenye matope, tukalala hapo. Asubuhi mtoto aliamka na homa. Kufika saa sita macho yalikuwa yanageuka na mikono imekakamaa. Dereva alisema labda tungetoka kesho yake. Sikungoja. Nikamfunga mgongoni, nikatembea hadi darajani, maana hapo njia nyingine inaungana na yetu na magari hupita.

Mvua ilinikuta njiani, nikajifunika kikwembe. Nilipofika kwenye kona ndipo nilipojitazama, nikajua nimesimama wapi na ninafanana na nani. Nilitaka kusogea mbele, niipite ile kona, lakini mtoto alianza tena kutetemeka, nikaogopa kumtikisa zaidi. Nikabaki hapo hapo.

Kamyo ya kwanza ilikuwa ya mkaa. Niliisikia ikipunguza mwendo kwenye mtelemko, nikainua mkono. Kisha honi, mara tatu. Kipande cha mkate kikanipiga begani na kamyo ikapita kwa kasi. Nilisimama na matope usoni, nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Hata ningewatukana, wangesema Mama wa Kona naye hutukana.

Ya pili ilipokuja nilimtoa mtoto mgongoni, nikamwinua waone kwamba ni mtoto kweli. Lakini Mama wa Kona naye humwonyesha mtoto wake. Nililia kwa sauti, na yeye pia husemwa analia. Nikafanya ishara ya msalaba, nikaimba wimbo wa kanisani, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Juu ya mizigo nilimwona mama mmoja tunayeuza naye sokoni, meza yake inapakana na yangu. Nilimwita kwa jina lake. Macho yetu yalikutana, nina uhakika. Alitupa mkate, akageuza uso.

Nilikaa chini. Nilikuwa sijala tangu jana yake na maziwa yalikuwa yamekauka, basi nikaokota ule mkate, nikafuta matope, nikautafuna. Mtoto hakuwa tena na nguvu ya kulia. Nilimwambia Mungu kwamba kama anamtaka, amchukue nikiwa sitazami. Bado naona aibu kwa sala hiyo.

Aliyesimama alikuwa mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, safari yake ya kwanza katika barabara ile. Alifungua mlango wa kamyo kabla sijainuka.

"Ingiya, mama. Mutoto ana nini?"

Nilipanda. Alikwenda mbio mpaka nikaogopa. Njiani aliniuliza, "Juu ya nini bengine habakusimama?"

"Sijue, papa," nikamjibu.

Nilimdanganya mtu aliyekuwa anamwokoa mwanangu. Ningemweleza, siku nyingine naye angepiga honi.

Hospitalini mjini tulikaa siku tisa. Binti yangu yupo, anakimbia uani kwetu Makomeno, ingawa sikio la kushoto halisikii. Nikimwita kutoka upande huo haitiki, na kila mara moyo wangu unashtuka upya.

Nilirudi kwenye biashara kwa sababu hakuna kazi nyingine ninayoijua. Nilisimulia yaliyonipata. Watu walisikiliza vizuri, wakanipa pole, kisha wakasema nilikuwa na bahati kwamba Mama wa Kona mwenyewe hakunikuta pale.

Mwaka jana, wakati wa mvua, nilikuwa juu ya mahindi, kamyo imejaa. Tulipokaribia kona nilimwona: kikwembe kichwani, mtoto mgongoni, mkono juu. Nilipiga bati la kabini kwa ngumi.

"Simama, papa! Ile ni muntu!"

"Shikamana, mama," dereva alijibu kupitia dirishani. "Njo vile anadanganyaka bantu."

Akapiga honi. Yule niliyekaa naye akatupa mkate, akanishika mkono.

"Usiangarie nyuma, mama."

Niligeuka. Kwa miaka yote ile nilikuwa sijawahi kugeuka. Mwanamke alikuwa ameinama kwenye matope, anaokota mkate. Aliufuta kwa kikwembe chake.

Aliyekufa haokoti mkate. Nilipiga kelele hivyo, nikapiga bati mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na wenzangu wakanishika kiuno nisiruke. Nikawahesabu kichwani wale wote niliowatupia mimi. Dereva alisimama kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, karibu saa nzima baadaye. Nilishuka hapo, nikaomba gari la kunirudisha kwenye kona, na kila dereva aliniuliza kwanza kama mvua bado inanyesha huko.