Magazeti ya Babu Ukutani

Mwaka jana nilikuwa napita mbele ya chumba cha magazeti ya zamani, katika maktaba moja ya Dar es Salaam, harufu ikanisimamisha. Ilikuwa harufu ya unga wa ngano uliokorogwa kwa maji ya moto. Ndani, dada mmoja alikuwa akipaka gundi ya unga huo kwa brashi ndogo, akiunga ukurasa uliochanika kwa karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu. Nikamuuliza kama wana lile gazeti la misheni lililosomwa kwetu Njombe enzi hizo.

"Tuna nakala chache tu, mama," akasema. "Nyingi hatujawahi kuziona."

Mimi niliziona. Nililala nazo ubavuni utoto wangu wote.

Zilikuwa za babu, mzaa baba, aliyenilea kijijini Yakobi. Ujanani alikuwa mwalimu wa dini. Kila gazeti lilipomfikia alilisoma kanisani kwa sauti, kisha akalilaza kwenye sanduku la bati, juu yake akatandaza majani ya mkaratusi kufukuza wadudu. Mwenyewe aliliandikia habari za kijijini: nani kafiwa, daraja lipi limesombwa, mahindi ya nani yameungua kwa baridi. Nikiwa na mikono safi alinionyesha jina lake lililochapwa, akiligusa kwa kidole kilichopinda. Kugeuza kurasa ilikuwa kazi yake, si yangu.

Kisha akaugua mapafu, akalazwa muda mrefu. Shangazi Edina, binti yake, akaja kutoka Makambako kunitunza. Shangazi hakuwahi kupelekwa shule, na mikono yake haikujua kutulia. Alinikuta nakohoa, upepo wa Juni ukipenya kwenye nyufa za ukuta wa udongo.

"Mtoto anakufa na baridi, na karatasi zimejaa sandukuni!" akasema.

Akapika gundi kwenye sufuria ya uji, akabandika magazeti yote kuanzia chini hadi darini. Mimi nilikaa kitandani nimejifunika blanketi, nalamba mwiko. Kurasa nyingine zilibandikwa miguu juu, nikawa nazisoma nimening'iniza kichwa. Chumba kilipata joto, kikohozi kikaisha. Sikuwahi kuona nyumba nzuri kama ile.

Babu aliporudi alisimama mlangoni, ameegemea fimbo. Shangazi alikuwa akingoja kusifiwa. Babu akaupapasa ukuta kwa kiganja.

"Na upande wa pili wa kurasa?" akauliza taratibu.

"Upande upi, baba?"

"Basi. Chumba kina joto."

Hazikupita wiki nyingi, akaja mwalimu mmoja kutoka Kidugala, kwa pikipiki, amefunga boksi jipya nyuma. "Kamwene, baba," alisalimia. Kumbe walikutana hospitalini, na babu alimwahidi magazeti yote yakatunzwe maktaba. Macho ya mgeni yalipofika ukutani, shangazi aliganda na chupa ya chai mkononi.

"Nimekusumbua bure, mwalimu," babu akasema. "Niliagiza mwenyewe wayabandike. Mjukuu alikuwa anaumwa."

Mgeni alijaribu kubandua pembe moja kwa ukucha, ikachanika. Akanywa chai yake, akaondoka na boksi tupu. Shangazi akakimbilia jikoni na kutoka huko macho mekundu. Nikadhani ni moshi. Mimi nilifurahi kwamba ukuta wetu umebaki.

Babu hakuufikia msimu mwingine wa mahindi. Miaka ya baadaye baba zangu wadogo waliibomoa nyumba ile wajenge ya matofali, na mvua ikamalizia vifusi.

Niliporudi kutoka Dar nilipitia Makambako kumwona shangazi, sasa mzee, nikiwa na hamu ya kumsimulia ya maktaba. Kabla sijaifikia habari hiyo, tulimtaja babu.

"Hakunigombeza hata siku moja," akasema. "Angenigombeza, ningeshasahau."

Miaka yote niliuhesabu uongo wa babu kuwa upole mtupu. Sikuwahi kufikiri kwamba shangazi ndiye aliyebaki akiubeba.

"Nilienda madarasa ya watu wazima kwa ajili ya ule ukuta," akaendelea, akikunja kanga magotini. "Nilitaka nijue nilibandika nini. Nilipoweza kusoma, nikapanda gari kwenda Yakobi. Nikakuta wameshabomoa."

Habari za maktaba sikumwambia.