Dini Yangu Haina wa Kunizika

Leo nimeitangaza dini yangu mbele ya jumuiya, nikaishia kuosha vikombe. 🙈

Wanajumuiya walikuja kusali kwetu Kimara. Baada ya chai nikawaeleza: dini yangu imetoka kwenye filamu ya watu wa sayari nyingine, inafundisha kutuliza hasira na kutetea wanyonge.

Nilitamani sana bibi yangu anielewe.

Jirani yetu, Mama Neema, akauliza, "Mko wangapi?"

"Hapa Kimara, mie tu."

"Sasa mwanangu, ukifa nani atakuzika?"

Filamu haikugusia hilo.

Bibi akasema, "Tutamzika sisi. Kwanza aoshe vikombe."

Wakacheka. Nikanuna, mie muumini wa utulivu!

Baadaye bibi akanifuata jikoni, akanong'ona, "Hiyo ya kutuliza hasira mnafanyaje? Mama Neema ananiudhi sana."

Kimara sasa tuko wawili.

Nani wa tatu?