Vijipini vya Buluu Nilivyovitia Mfukoni

Kosa ni langu, na nalitamka kabla hujaniuliza. Si la umeme, si la shetani, wala si la Wazungu waliokitengeneza kile kifaa. Ni langu! Nilimwoka baba wa mchumba wangu siku ya posa, nikamwoka akiwa mzima, ndani ya kanzu na koti.

Usicheke bado. Keti kwanza nikueleze.

Jina langu sikupi. Lushoto ni ndogo, na wapo wazee ambao wakiniona hadi leo wanajipepea kwa kofia, makusudi tu.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa fundi umeme pale mjini. Ufundi wenyewe niliupata kwa kushika ngazi. Kulikuwa na fundi mmoja mtu mzima aliyehudumia kiwanda cha chai. Yeye anapanda, mimi nashika ngazi na kutazama juu. Miaka minne ya kutazama juu! Nilipotoka pale nilijua kwamba waya mwekundu unauma na mweusi hauumi. Nilijua kubadilisha fyuzi, kuweka swichi, na kukunja uso mteja akiniuliza swali gumu.

Nilichokuwa sikijui ni kusoma.

Nambari nilizijua, na saa nilijua kuitazama. Lakini herufi! Herufi zilinitazama, nami nikazitazama, tukaachana hivyo hivyo. Basi nikajipamba. Kalamu mbili mfuko wa shati, gazeti kwapani, tena la juzi. Mtu akinipa barua, naikunja vizuri na kusema, "Nitaisoma nikitulia." Watu wakaniona mtu mtaratibu sana.

Na ujinga wangu ulikuwa na dawa, tena ya bure. Serikali ilikuwa imetangaza kisomo cha watu wazima. Wazee wenye mvi walikwenda, kina mama wenye watoto mgongoni walikwenda. Mimi sikwenda. Ningekwendaje? Mwalimu wa kisomo alikuwa Zaina, na Zaina ndiye niliyekuwa nataka kumuoa. Nikae kwenye benchi mbele yake niseme a-e-i-o-u, halafu jioni nipeleke posa? Haiwezekani! Ndivyo nilivyojiambia, mimi punguani.

Baba yake Zaina, Mzee Shebughe, alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kutwa watu walimletea kesi zao: mbuzi kala kabichi za jirani, mfereji wa maji umegeuzwa, mume kachelewa kurudi kutoka Mombo bila sababu ya maana. Kwa hiyo mlango wake wa mbele haukufungwa tangu asubuhi hadi jioni. Balozi akifunga mlango mchana, watu watauliza anaficha nini. Ukungu wa mwezi wa saba uliingia sebuleni bila hodi na kuketi pamoja na wenye kesi.

Shida ilikuwa kifua cha mzee. Daktari alimkataza moshi kabisa. Sasa niambie, huku kwetu milimani, mwezi wa saba, bila moto wa kuni unaotaje? Akiamka alfajiri kutawadha, alikohoa mpaka majirani wakaamka naye.

Kaka yake Zaina alikuwa masomoni Ulaya. Akamtumia baba yake hita ya umeme, na pamoja nayo kifaa cha ukutani kinachoitwa themostati. Sisi tulikiita saa ya joto. Kilikuwa na uso wa saa, na pembeni kifuko cha vijipini, vyekundu na vya buluu. Unachomeka kijipini kwenye saa unayotaka, na hita inakufuata usemavyo. Mzee alale, aamke, akute chumba kina joto!

Nikaitwa. Siku ya Alhamisi hiyo, na kesho yake, Ijumaa, Mjomba wangu Saidi alikuwa apeleke posa. Nikaona Mungu amenifungulia njia. Leo nitampasha mzee joto, kesho atanipa binti.

Zaina akanikabidhi karatasi ya maelekezo.

"Fundi, imeandikwa Kiingereza. Nikusomee?"

"Mwalimu," nikamjibu, nimekunja uso, "mimi ni fundi."

Nikaitazama karatasi kwa muda wa kutosha, nikatikisa kichwa kama niliyekubaliana nayo, nikaikunja na kuitia mfukoni. Zaina akanitazama kidogo, kisha akaenda zake.

Sasa sikiliza nilivyofanya.

Hita nikaiweka chumbani kwa mzee, sawa. Ile saa ya joto nikajiuliza iende wapi. Kitu kimetoka Ulaya, kimevuka bahari, nikifiche chumbani kwenye giza? Nani atakiona? Radio ya mzee ilikaa sebuleni juu ya meza, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, wageni waione. Picha ya Rais ilikuwa sebuleni. Basi na hiki mahali pake ni sebuleni! Nikatoboa ukuta, nikapitisha waya, nikakigongomelea mkabala na mlango, mgeni akiingia tu kimpige usoni.

Vijipini je? Chekundu nilikielewa upesi, maana nyekundu kwetu mafundi ni umeme wenyewe. Nikakichomeka kwenye saa ya alfajiri. Vile vya buluu sikuvielewa. Katika waya zangu zote hapakuwa na rangi ya buluu. Nikaona ni vya akiba, nikavitia mfukoni pamoja na karatasi.

"Mzee," nikasema, "mlango wa chumba ufungwe, joto lisitoroke. Na kifaa kisiguswe na mtu."

"Umesikia, Zaina?" mzee akasema. "Fundi kasema."

Ijumaa alfajiri chumba kilikuwa na joto zuri. Mzee alitawadha bila kukohoa hata mara moja! Habari ikanifikia mtaani kabla ya chai. Nikatembea siku hiyo kifua mbele, kalamu zangu mbili zikimeta.

Mzee akatoka kwenda kwenye kabichi zake, kisha msikitini. Chumba kikabaki kimefungwa, hita inawaka.

Leo ninajua nilichokuwa sikijui. Kile kifaa huhisi hewa ya pale kilipo. Hewa ikipata joto, kinaizima hita. Mimi nilikiweka sebuleni, kwenye ukungu, mbele ya mlango usiofungwa. Kitapata wapi joto? Kikawa kinasema baridi, baridi, bado baridi! Na vijipini vya buluu ndivyo vilivyotakiwa kuituliza hita kukipambazuka. Vilikuwa mfukoni mwangu.

Baada ya swala ya alasiri Mjomba akafika na wazee wawili. Muoaji hahudhurii posa yake, lakini fundi huhudhuria popote. Nikajitafutia taa ya barazani ya kutengeneza. Taa haikuwa na ubovu wowote.

Mzee Shebughe akaingia chumbani kujiandaa. Msuli, flana, kanzu, koti zito la sufu, kofia. Joto lilimpiga usoni, lakini fundi alikwisha kusema kifaa kisiguswe; akafunga mlango, akaketi kitandani kungoja aitwe. Baba wa binti hatoki haraka. Akitoka mara moja, watasema binti amemchosha. Sharti mshenga aseme, aombe, aite mara tatu.

Na mshenga alikuwa Mjomba Saidi! Mjomba akipewa nafasi ya kusema, hata kuku wanakwenda kulala. Alianza na salamu, "Onga mshi," akaingia kwenye kilimo, akaingia kwenye hali ya barabara ya Mlola, ndipo akaanza ukoo wetu, babu mmoja baada ya mwingine.

Kutoka chumbani nikasikia kikohozi. Kimoja. Halafu viwili.

Zaina akapita na sinia ya chai, akasimama karibu na ngazi yangu.

"Fundi, nimegusa mlango wa Tate. Unachoma."

Tate ni baba kwa Kishambaa, naye alilitamka neno hilo kwa hofu. Vikombe viligongana kwenye sinia.

"Ndivyo kinavyofanya kazi," nikasema.

"Karatasi inasemaje?"

Hapa, ndugu yangu, ndipo penye kosa. Yale ya ukuta na vijipini ni ujinga, na ujinga unasameheka. Hapa nilikuwa na nafasi. Karatasi ilikuwa mfukoni, na msomaji alikuwa amesimama mbele yangu. Ningenyoosha mkono tu!

"Inasema hivyo hivyo," nikajibu.

Akaniamini. Akaingia ndani na chai yake.

Mjomba alikuwa amefika kwa babu wa tatu, hata mara ya kwanza hajaita, mlango wa chumba ukafunguka wenyewe. Joto likatoka kwanza. Wallahi, wazee wale walirudi nyuma kwenye viti! Kisha akatoka balozi wa nyumba kumi, amevaa msuli, flana iliyoloa, na kofia yake kichwani, maana heshima haivuliwi yote.

"Karibuni," akasema.

Akaanguka.

Sikuwahi kusikia kikohozi cha namna ile. Kilikuwa kinavuta na hakipati kitu. Tukambeba hadi barazani, kwenye ukungu, nami nimeshika mguu wake mmoja, najiona nimeshaua mtu. Zaina aliikata swichi mwenyewe, akatoka, akapiga magoti akimwita, "Tate! Tate!" Mjomba alikuwa anampepea kwa barua ya posa aliyokuja nayo.

Ilichukua muda, lakini pumzi ikarudi. Alipoweza kuketi na kunywa maji, Zaina akasimama.

"Fundi, karatasi."

Nikaitoa. Hakuipokea.

"Soma."

Wazee wote wananitazama. Mjomba wangu ananitazama, anangoja nimtoe aibu.

"Nimesahau miwani," nikasema.

"Hujawahi kuwa na miwani."

Ndipo akaichukua, akaisoma kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya darasani, taratibu. Mstari wa kwanza kabisa ulisema kifaa kifungwe katika chumba kilekile chenye hita, mbali na mlango. Mstari wa kwanza! Akaendelea. Kijipini chekundu huwasha, cha buluu hupunguza.

"Vya buluu viko wapi?"

Nikaingiza mkono mfukoni, nikavitoa. Vitatu. Mzee mmoja akaguna, mwingine akaficha uso kwenye kikombe. Nadhani alikuwa anacheka, na simlaumu.

"Kumbe hujui kusoma," Zaina akasema. Hakupaza sauti. "Ningekufundisha. Hilo lisingenishinda, nawafundisha bibi zako. Lakini nilikuuliza karatasi inasemaje, baba yangu yuko ndani, ukanijibu."

Nikavipanga vile vijipini vitatu sakafuni, miguuni pake. 

Mzee alilazwa siku tatu. Nilikwenda kumtazama, nimeziacha kalamu nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kunigeuza upande wa pili?"

Wodi nzima ikacheka! Nami nikacheka, machozi yananitoka, nikapiga magoti nikaomba radhi. Akanisamehe. Alikuwa mtu mwema, tena mwenye maneno. Lakini sukari na khanga tulizopeleka siku ya posa zilirudi kwa Mjomba wiki iliyofuata, zimefungwa vizuri kama tulivyozipeleka. Hakuna aliyesema kitu, na huku kwetu hilo ndilo jibu.

Alipotoka hospitali niliitwa nikihamishe kile kifaa. Zaina alisoma mstari kwa mstari, mimi nikatenda, vya buluu vikaingia mahali pake. Tulimaliza kwa nusu saa. Nusu saa tu! Mzee akaishi na joto lake miaka mingi, bila moshi, bila kuungua.

Jumatatu iliyofuata nikaenda kisomo. Nikaketi benchi la nyuma, kati ya mama mmoja anayenyonyesha na babu mmoja asiyesikia vizuri. Zaina alinikabidhi ubao na chaki kama alivyowakabidhi wengine. Hakunicheka, hakunipendelea. Nilipokosea alifuta na kuniambia, "Rudia." Nimerudia mimi! Nimerudia mpaka herufi zikaacha kunitazama tu, zikaanza kusema.

Mwaka haukuisha, nikaletewa bahasha. Safari hii sikuikunja. Niliifungua palepale barabarani, nikaisoma peke yangu, mwanzo hadi mwisho, bila kuomba msaada wa mtu. Ilikuwa barua ya kwanza niliyoisoma maishani.

Ilikuwa kadi ya harusi ya Zaina, na bwana shamba mmoja wa kule Mlola.

Nililirudia jina la bwana harusi mara tatu, nikitumaini nimelikosea. Sikuwa nimelikosea. Alikuwa amenifundisha vizuri.

Nilikwenda, bila shaka. Nilifunga taa za harusi, zikawaka zote.

Basi wewe unayesoma ungamo hili, na najua mko wengi, wewe unayefungua boksi la kitu kipya na kutupa karatasi pembeni ukisema hii naijua: iokote. Isome. Ikikushinda, sema mbele za watu kwamba imekushinda. Mpe anayejua akusomee, hata kama ndiye yule unayetaka akuone mtu wa maana.

Hasa kama ndiye huyo.