Tulivyokwenda Bariadi Kumwangalia Kabula

Niliondoka nyumbani Mwandoya kwa sababu moja: shemeji yangu Masanja alikuwa amekwisha kuwaambia watu wengi mno kwamba binti yake atakuwa wa kwanza. Mtu aliyesema maneno makubwa namna hiyo haachwi aende peke yake. Yakitimia, anahitaji wa kucheka naye. Yakianguka, anahitaji wa kumshika mkono.

Masanja amemwoa dada yangu, kwa hiyo binti yao Kabula ni mpwa wangu, nami ni mjomba wake. Ana miaka ishirini na mitatu, na kazi inayomlisha ni kukimbiza baiskeli. Yuko kambini Arusha na timu yake tangu mwaka juzi. Mwezi wa saba tukasikia kwamba mashindano makubwa ya wanawake, ya siku tano mfululizo, yatapita kwetu Simiyu. Siku ya kwanza wanatoka Bariadi, wanakwenda hadi Lamadi kule ziwani, wanageuza, wanarudi Bariadi. Kesho yake Maswa, halafu Shinyanga, na huko mbele hata majina siyajui.

Sisi mashindano ya baiskeli tunayajua. Unachorwa mstari kwenye vumbi, filimbi inalia, anayefika mbele anakabidhiwa ng'ombe, wengine wanarudi kulima. Hivyo ndivyo tulivyojua, na hivyo ndivyo Masanja alivyotangaza mnadani. Wakaja mpaka watu wa Lingeka na Kimali kubishana naye.

"Masanja, ugali wa uwele utamshinda Mzungu?"

"Uwele ndiyo petroli yenyewe!" akasema. "Kabula asipokuwa wa kwanza, mimi mniite Mama Kabula."

Neno hilo halikuwa la mchezo. Kwetu jina la utani likikushika unazikwa nalo. Kuna mzee mmoja alitumbukia kisimani na mbuzi wake, mimi nikiwa bado nachunga ndama. Amekufa siku nyingi, lakini wajukuu zake mpaka leo wanaitwa wa Mbuzi, na mmoja wao ni mchungaji wa kanisa.

Alhamisi asubuhi, jua likiwa bado halijakasirika, tukatoka Mwandoya kwa baiskeli zetu. Ndiyo, kwa baiskeli. Watoto walisema tupande basi. Masanja akasema haiwezekani mtu aende kuangalia baiskeli akiwa amekaa kwenye basi kama gunia. Yeye ana miaka sabini na moja, mimi sitini na minane, na goti langu la kushoto lina umri mkubwa kuliko sisi wote wawili. Kwenye keria yangu nilifunga michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ambayo dada yangu alimpelekea mwanawe. Masanja alifunga jogoo wa mwenyeji wetu.

Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Malori yalikuwa yamepita yamejaa kupita kiasi, na pamba imenasa kwenye miiba kando ya barabara, nyeupe, mpaka unatamani kushuka uichume mara ya pili. Masanja alikuwa mbele, mimi nyuma yake. Hatukupanga hivyo. Tumekuwa tukienda hivyo tangu ujana wetu, na siku ile sikuliwazia jambo hilo hata kidogo. Nilikuwa nawaza goti.

Mchana tulifika Kisesa, tukalala kwa Mama Holo, mjane wa rafiki yetu wa zamani. Alitupa maziwa ya mgando, akaketi kutuhoji.

"Hizo baiskeli zao zinabeba nini?"

"Hazibebi kitu, mayu," Masanja akasema, kwa maana kwetu kila mwanamke, hata binti, huitwa mayu, yaani mama. "Zinabeba mtu tu."

"Hazina keria?"

"Hazina keria, hazina madigadi, hazina kengele, wala stendi."

"Sasa mtu akifika anaisimamishaje?"

Masanja akainamia maziwa yake. Mama Holo akaendelea. "Na huko Lamadi wanafuata nini?"

"Hawafuati kitu. Wanageuza."

"Hata samaki mmoja?"

"Hata mmoja."

Mama Holo alitutazama kwa huruma, kama watu waliopokea habari ya msiba bila kuielewa, akatuongezea maziwa.

Ijumaa saa tisa alasiri tukaingia Bariadi. Mji ulikuwa umechangamka. Kingo za barabara zimepakwa rangi, bajaji zimefungwa bendera, na kila penye chai pana ubishi. Wengine walisema watashinda Wahabeshi, wengine Warwanda, maana nchi yao yote ni vilima. Tulifikia kwa Bwana Shomari, afisa wa ardhi aliyehamishiwa huku kutoka Lindi. Aliwahi kupima viwanja Mwandoya, akala kwetu miezi miwili, na ni mtu wa kufuatilia mbio hizi kwenye simu hata zikifanyika Ulaya. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Mwenyewe akasema kwao pwani samaki hawawiki asubuhi, na huyu naye hataiona asubuhi.

Jioni, jua likiwa bado lipo, tukaenda nyumba ya wageni ilikofikia timu ya Kabula. Alitoka, akapiga magoti mbele ya baba yake, akatoa salamu yetu ya mchana.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Umekonda. Kesho wa kwanza, sawa?"

"Nimekusikia, baba."

Masanja hakungoja zaidi. Alitoka na Shomari kwenda kutafuta mahali pazuri pa kusimama kesho, akimsalimia kila mtu barabarani na kumwambia yeye ni baba wa nani. Mimi nikabaki na mpwa wangu ili nimkabidhi michembe yake. Akaipokea, halafu akainama.

"Mjomba, mimi si wa kushinda."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kwenye timu tuko sita, na wa kushinda ni Neema, yule mrefu wa Singida. Mimi kazi yangu ni Neema. Namkatia upepo, namfuatia chupa za maji kwenye gari, akipata pancha nampa gurudumu langu. Karibu na mwisho najitoa pembeni, yeye anapita."

"Na wewe?"

"Nafika nitakapofika."

"Na wanakulipa?"

"Hicho ndicho wanachonilipia, mjomba. Si kila mtu anaweza kazi hiyo. Walinitafuta mimi."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia baba yake. Akasema amejaribu kwenye simu mara tatu. "Nikisema kazi yangu, ananikatiza, kazi yako ni kushinda. Mwambie wewe. Wewe anakusikiliza."

Nikamwahidi. Sasa niseme ukweli. Nilipata nafasi ya kusema tukirudi kwa Shomari, nikaipata tena tulipokuwa tunanawa, nikaipata tena tulipokuwa tunakula yule jogoo. Kila nilipofungua mdomo nilimwona Masanja alivyofurahi, nikatia tonge. Nilijiambia namhurumia. Nililala nimeshiba na nina deni la maneno.

Jumamosi saa mbili waliondoka, wengi, wenye rangi kama vitambaa vya duka, na kabla sijamtambua wa kwetu walishapotea. Tukabaki kusubiri. Kusubiri mbio hizi ndiyo kazi kubwa kuliko mbio zenyewe. Tulisimama kwenye kona ya mwisho, ambapo unauona utepe wa kumalizia kule mbele. Watu walikula miwa, wakabishana, wakasalimiana upya. Shomari alikuwa na simu yake, na watu wamemzunguka kama nzi kwenye kidonda. Akatueleza pia kwamba zinajumlishwa saa za siku zote tano, mwenye saa chache ndiye mshindi. Masanja akasema hiyo ni hesabu ya kuwaficha walioshindwa.

Saa nne Shomari akatangaza kwamba wamegeuza Lamadi. Upepo ulikuwa umeamka, ule wa mwezi wa saba unaotoka mashariki na kubeba vumbi la mashamba yaliyovunwa. Nikaona utawapiga usoni njia nzima.

"Wamepita Dutwa," akasema Shomari baadaye. "Mbele kabisa ni namba arobaini na mbili."

Arobaini na mbili ilikuwa ya Kabula.

Sijui niwaelezeje Masanja alivyofanya. Alitupa kofia, akacheza, mzee wa miaka sabini na moja, magoti juu, na watu wakampigia makofi. "Ni wangu huyo! Nimemzaa mimi! Uwele!" Alinishika mabega akanitikisa. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Saa saba kasoro wakatokea. Kweli mbele alikuwa Kabula, kichwa chini, mdomo wazi, uso mweupe kwa vumbi, na nyuma yake kwa karibu sana yule mrefu wa Singida. Wakaifikia kona yetu. Hapo hapo, mbele ya macho ya baba yake, Kabula akasogea pembeni, akaacha kukanyaga. Neema akachomoka. Mmoja akampita Kabula, wakampita watano, likampita kundi zima. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kukohoa mara mbili. Mhabeshi mmoja akashinda, Neema akawa wa pili. Kabula alikuwa wa thelathini na nne.

Mnunuzi mmoja wa pamba kutoka Kimali, aliyekuwepo siku ile mnadani, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Shikamoo, Mama Kabula!" Watu wakacheka.

Masanja alinigeukia. Aliniambia polepole, "Amejitoa. Nimemwona. Hakuanguka, hakupata pancha. Amejitoa mwenyewe." Akaokota kofia yake, akaenda moja kwa moja ilipokuwa baiskeli yake, akaanza kuikokota kuelekea barabara ya nyumbani.

Nilimfuata, nikashika keria. Nilijua akiondoka bila kuitikia salamu ya mwanawe, haitaitikiwa mwaka huo wala mwingine. Namjua, kichwa chake ni kisiki.

"Masanja, ile ni kazi aliyopewa. Aliajiriwa amkatie upepo mwenzake."

"Nani kakwambia?"

"Kabula. Jana."

Akageuka. "Ulijua tangu jana?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nicheze mbele ya watu?"

"Nilikuacha."

Nilidhani atanipiga, na angenipiga nisingemlaumu. Lakini alisimama tu, na mimi kwa woga nikaanza kusema lililonijia. Nikamkumbusha zamani, tulipokuwa tunapeleka pamba ginneri, kule inakochambuliwa, kwa baiskeli, wanne, kila mmoja na gunia lake, tukivuka mbuga kwenye upepo kama huu. "Nani alikuwa anatangulia?"

"Mimi. Nyie mlikuwa wembamba."

"Mimi nilikuwa najificha nyuma ya mgongo wako, Masanja. Tukifika wewe unalala chini unahema, mimi nina nguvu ya kuzunguka sokoni na kutaniana na wasichana. Mke wangu nilimpatia pale pale, wewe ukiwa umelala. Miaka yote hiyo sijawahi kukwambia asante."

Aliegemea usukani.

"Nilikuwa najua," akasema. "Nilikuwa naisikia pumzi yako nyuma. Haikuwa inapanda."

Baiskeli hakuikokota tena.

Kabula akatukuta pale pale. Alikuja akiikokota ya kwake, chumvi ya jasho imekauka mashavuni. Akapiga magoti kwenye lami.

"Mwadila, baba."

Masanja hakuitikia. Akauliza, "Upepo ulikushikia wapi?"

"Kabla ya Dutwa, baba."

"Mpaka hapa?"

"Mpaka hapa."

"Ulikuwa unapiga upande gani?"

"Mbele, kulia kidogo."

"Na mwenzio ulimweka wapi?"

"Nyuma yangu, kushoto. Tairi lake na langu hapaingii kidole."

Masanja akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima pamba na kuikuta safi. "Mwadila, mayu," akasema. "Inuka, lami ina moto. Huyo Neema yuko wapi? Aje anisalimie."

Neema akaletwa. Hakujua salamu zetu, akatoa shikamoo ya shule. Masanja akamzunguka kama anamnunua mnadani. "Mbona miguu kama ya korongo? Kabula, mpe michembe ale. Kesho una kazi ya kumfikisha Maswa, na mimi sitaki kusikia ameishiwa nguvu njiani." Binti wa watu akacheka mpaka akashika mbavu.

Jumapili baada ya ibada tukaanza kurudi. Kutoka Bariadi nilimwambia Masanja kwamba leo natangulia mimi. Akasema haya, tangulia. Nikatangulia. Upepo ulinikamata kifuani kama mkono wa askari, goti likalia, na kabla hatujaupoteza mji nyuma yetu nilikuwa nimeshaomba tupumzike. Hakunicheka. Alikunywa maji, akanipa, akapita mbele. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikipewa miaka ile yote. Nikaelewa na jingine, la aibu zaidi: ule usiku niliponyamaza sikumhurumia Masanja. Nilijihurumia mimi, nisikasirikiwe.

Jumatatu tukaingia Mwandoya. Habari zilishatutangulia, maana simu hazina goti. Penye duka la kwanza wakaita kwa pamoja, "Mama Kabula!"

"Abee!" akaitikia Masanja, kwa sauti nyembamba ya kike, akashuka kwenye baiskeli.

Walicheka sana, kisha wakaishiwa, kwa sababu mtu anayeitika hachokozeki kwa muda mrefu. Wakataka kujua ilikuwaje. Akawaeleza, thelathini na nne bila kupunguza, akawapanga watano kwenye mstari na kuwaonyesha upepo unavyopiga na mtu anavyokaa. Wengi hawakuelewa. Wachache, wazee waliowahi kubeba pamba, walitikisa vichwa na kutazama chini.

Jumatano, siku ya mwisho ya mashindano, tulikaa nyumbani kwake kusubiri simu, dada yangu, mimi na majirani. Ikalia. Masanja akaiweka sauti ya juu ili sote tusikie.

"Mwadila, baba. Nimemaliza salama. Mimi nimekuwa wa..."

"Mwadila, mayu. Hayo yako utanieleza baadaye," akasema. "Kwanza niambie, Neema kafika wa ngapi?"