Gatwech na Klabu ya Ghorofani

Gatwech Gai alipata polio akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo miguu yake haikumbeba tena. Mama yake ndiye aliyembeba, mgongoni, kutoka Sudan Kusini hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Safari hiyo haikumbuki vizuri, amesimuliwa tu. Anachokumbuka yeye ni cherehani ya kwanza aliyofundishiwa kambini, ile ya kuzungusha kwa mkono, maana ya kukanyaga isingemfaa. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Sasa anakaribia miaka arobaini, na sare za shule tatu za Kakuma zinatoka kwake.

Miaka minne iliyopita aliamua kuhamishia kazi mjini, akaenda kuangalia chumba katika jengo la maduka la Mama Nawoi, kando ya barabara kuu. Nawoi ni Mturkana, mjane, mwanamke wa maneno machache. Mlangoni pa kile chumba palikuwa na ngazi tatu. Nawoi alizitazama, akakitazama kiti cha magurudumu cha Gatwech. Wiki iliyofuata Gatwech aliporudi na cherehani yake, alikuta ngazi zimefunikwa kwa mteremko wa saruji, bado mbichi.

"Ngoja kesho," Nawoi alimwambia. "Ukipanda leo utaharibu."

Gatwech hakuwa amemwomba. Alirudi nyumbani kambini na kumweleza mkewe, Nyakuoth, mara tatu jioni ile ile, kama mtu anayeogopa kwamba hakuaminiwa.

Ndiyo sababu tangazo lililobandikwa ukutani mwezi wa pili mwaka huu lilimtia uchungu. Lilisema ghorofa ya juu ya jengo, iliyokuwa ukumbi wa kukodishia sherehe, itageuzwa kuwa klabu ya usiku ya watu mia moja na ishirini. Mwombaji alikuwa Elijah Kiprop, mfanyabiashara kutoka Eldoret. Mwenye pingamizi alipewa siku kumi na nne kuiandikia ofisi ya mipango ya kaunti, na kikao cha kusikiliza kingefanyika Lodwar, makao makuu ya kaunti.

Mbele ya jengo lile kuna nafasi za magari saba. Gatwech anazijua kwa sababu kila asubuhi anapita katikati yake kufika mlangoni.

"Andika," Nyakuoth alimwambia. "Lakini mwambie Mama Nawoi mwenyewe kwanza. Asije akaisikia Lodwar."

Kesho yake alimkuta Nawoi akikagua mabomba ya maji nyuma ya jengo.

"Ejok, Mama," alimsalimia kwa Kiturkana.

"Ejok noi, fundi. Mbona hujafungua duka?"

"Nataka kukwambia kitu. Ile klabu, mimi nitaandika barua kuikataa."

Nawoi alifunga koki, akajifuta mikono kwa leso.

"Mimi ndiye nimempa Elijah ile nafasi. Unajua?"

"Najua, Mama. Ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya kwenda Lodwar."

"Haya," alisema Nawoi, akaondoka. Kwa siku tisa hakumsalimia.

Gatwech aliandika barua yake. Shida ilikuwa kufika Lodwar, kwa sababu mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali cha kusafiri. Aliomba kibali, akakipata siku moja tu kabla ya kikao. Hapo ikabaki gari, maana si kila dereva anakubali kupakia kiti cha magurudumu. Alikuwa bado anapiga simu huku na huku pikapu nyeupe iliposimama mbele ya duka. Nawoi alishusha kioo.

"Umepata kibali?"

"Nimepata."

"Kesho saa kumi na moja alfajiri uwe hapa. Mimi pia naenda huko."

"Mama, mimi naenda kukupinga."

"Nimesikia. Kama nitashindwa, nishindwe na mtu aliyefika. Sitaki kushinda kwa sababu fundi alikosa gari."

Kesho yake waliondoka alfajiri. Penye kizuizi cha polisi, askari alisoma kibali, akachungulia ndani ya gari.

"Mama, huyu ni nani yako?"

"Mpangaji wangu. Nampeleka Lodwar akanishtaki."

Askari alicheka mpaka akasahau kukagua nyuma. Gatwech naye alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mabomba, Nawoi alitabasamu.

Kikao kilikuwa katika chumba kidogo chenye feni moja. Afisa wa mipango, mwanamke aitwaye Jerotich, alikuwa ametandaza mchoro wa jengo mezani. Elijah alizungumza kwanza, kwa adabu. Alisema Kakuma inakua, vijana hawana mahali pa kustarehe, na klabu itaajiri watu kumi na wanane. Kuhusu magari alisema wateja wataegesha upande wa pili wa barabara.

"Ng'ambo ya barabara kuu?" Jerotich aliuliza. "Wavuke kwa miguu wakiwa wamekunywa, na malori yanapita?"

"Tutaweka walinzi, madam."

Jerotich aliandika. Kisha akamgeukia Gatwech.

Gatwech alikuwa amejitayarisha kusema juu ya kelele, na juu ya zahanati iliyo nyuma ya jengo ambako kina mama hujifungua. Aliyasema hayo. Halafu akatazama chini, na yakamtoka yale ambayo hakupanga.

"Mwaka jana kulikuwa na harusi pale juu. Mchana. Magari yakajaa zile nafasi saba, mengine yakapanda mpaka mlangoni kwangu. Moja likasimama juu ya mteremko wangu. Nilikuwa ndani. Nilitaka kwenda choo, na choo kiko nyuma ya jengo. Nikaita, lakini muziki ulikuwa mkubwa. Nilikaa hivyo kwa saa nne. Nilijikojolea, mimi mtu mzima, kwenye kitambaa cha wenyewe. Sichukii muziki. Na hiyo ilikuwa siku moja. Sasa itakuwa kila wiki."

Elijah alikuwa akitazama mikono yake. Nawoi alikuwa amemgeukia Gatwech, mdomo umefunguka kidogo.

"Asante, Bwana Gatwech," Jerotich alisema taratibu. "Nitakuja kupaona mwenyewe."

Walikuwa wameacha Lodwar nyuma sana Nawoi aliposema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na wageni, Mama."

"Una namba yangu."

"Niliona aibu. Wewe ulinitengenezea njia. Ningeanzaje kulalamika?"

Nawoi alipunguza mwendo, akasimamisha gari kando ya barabara, akakaa hivyo ameshika usukani. "Ile harusi," alisema, "ilikuwa ya ndugu yangu. Ule wimbo wa mwisho nilicheza mimi." Alitoa leso akajipangusa uso. Gatwech alimwambia kwamba yamekwisha, na alikuwa anasema kweli.

Jerotich alikuja wiki iliyofuata na futi kamba yake ndefu. Alipima nafasi, akapima mteremko, akaingia zahanati kuzungumza na wauguzi. Mwisho wa mwezi barua ilifika: ombi limekataliwa kwa jengo lile, kwa kukosa maegesho na kwa kuwa karibu na zahanati. Mwombaji alishauriwa kutafuta kiwanja upande wa maegesho ya malori, nje kidogo ya mji.

Elijah alikuja dukani na ile barua mkononi. Gatwech alifikiri amekuja kugombana.

"Fundi," alisema Elijah, "siku ile sikulala. Baba yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Nilipaswa kuona mapema." Alimpa mkono. Klabu yake aliifungua mwezi wa nane, huko kwenye kiwanja, na watu wanasema inafanya vizuri.

Ghorofa ya juu ilikaa tupu miezi mitano. Gatwech alihesabu kila mwezi kwa wasiwasi, lakini Nawoi hakugusia kodi aliyoikosa hata siku moja. Hatimaye chuo cha kompyuta kikaichukua, na wanafunzi wake wengi huja kwa miguu.

Jumapili moja, kanisani kambini, Gatwech aliomba nafasi ya kutoa shukrani. Aliongea Kinuer, lugha ya kwao, na mzee wa kanisa akatafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu Nawoi, mwenye kitambaa kipya kichwani, alikuwa amealikwa na ameketi nyuma karibu na Nyakuoth. Gatwech alimshukuru Mungu kwa mama aliyembeba. Alimshukuru Jerotich, aliyekuja kuona kwa macho yake, na Elijah, aliyeshindwa bila kinyongo. Kisha akasema, "Na kuna mama mmoja hapa alinipeleka Lodwar nikampinge. Mimi sijui nimwombee nini, maana kila kitu kizuri tayari kiko ndani yake."

Mzee alipomaliza kutafsiri, kanisa zima liligeuka kutazama nyuma.

"Mwambie mumeo anyamaze," Nawoi alimnong'oneza Nyakuoth, akiinamisha kichwa. Lakini ulipoimbwa wimbo wa mwisho, ambao maneno yake hakuyajua, alisimama akapiga makofi pamoja nao.